Hati ya Ardhi na Haki ya Kukaa: Historia na Haiba ya Mtaa wa Redfern, Sydney

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia na haiba ya Redfern, mtaa ulioko takribani kilometa tatu kusini mwa kitovu cha jiji la Sydney, Australia, tangu kuanza kwa ukoloni wa Kiingereza hadi katika miaka ya karibuni. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni hili: je, umiliki wa ardhi kwa hati unatosha kuihakikishia jamii haki ya kuendelea kukaa mahali inapopaita kwao? Insha inajenga hoja kwamba haiba ya Redfern ilitokana na watu ambao kwa sehemu kubwa hawakumiliki ardhi ya mtaa huo, yaani wafanyakazi wa reli, wahamiaji na Waaborijini. Aidha, inaonesha kwamba ununuzi wa nyumba za eneo la The Block kuanzia 1973 uliilinda ardhi isiuzwe, lakini haukuweza peke yake kuwalinda wakazi. Kwa hiyo, insha inahitimisha kwamba hati ya ardhi na haki ya kukaa ni mambo mawili yanayohusiana lakini yasiyolingana.

1.0 Utangulizi

Katika masimulizi ya umma ya Australia, jina la Redfern limetajwa kwa namna mbili zinazokinzana. Namna ya kwanza inauchora mtaa huu kama mahali pa umaskini, dawa za kulevya na mapambano na polisi. Namna ya pili inauchora kama chimbuko la harakati za kisasa za Waaborijini mijini, mahali ambapo huduma za sheria, afya, sanaa na makazi zilianzishwa na wenyeji asilia wenyewe. Masimulizi yote mawili yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, yote mawili yanaanza hadithi katikati, kwa kuwa hayaelezi ni kwa nini watu hao walifika Redfern, ni nani aliyekuwa na ardhi walipofika, na ni nini kilichowafanya wengi wao waondoke baadaye.

Insha hii inajaribu kuziba pengo hilo kwa kuifuata ardhi yenyewe. Kila kipindi cha historia ya mtaa kinatazamwa kwa maswali mawili: nani aliimiliki ardhi, na nani aliishi juu yake? Pale majibu ya maswali haya yalipotofautiana ndipo haiba ya Redfern ilipojengeka, na ndipo pia migogoro yake ilipozaliwa.

1.1 Ufafanuzi wa Istilahi

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. Kwanza, neno mtaa linatumika hapa kumaanisha sehemu ya jiji yenye jina, mipaka na utambulisho wake. Neno kitongoji limeepukwa kwa sababu katika utawala wa Tanzania linamaanisha sehemu ya kijiji, maana ambayo haioani na Redfern hata kidogo. Njia zipitazo ndani ya mtaa zinaitwa barabara ili pasiwe na utata. Pili, Waaborijini ni wenyeji asilia wa bara la Australia. Istilahi hii inajumuisha mataifa mengi yenye lugha na ardhi tofauti, na jambo hilo ni muhimu kwa sababu Waaborijini waliokutana Redfern katika karne ya 20 hawakuwa watu wa asili moja.

2.0 Ardhi Kabla ya Mtaa

Ardhi ambayo leo inaitwa Redfern ni ya asili ya Wagadigal, mojawapo ya koo za ukanda wa pwani ya Sydney. Meli za kwanza za wafungwa kutoka Uingereza zilitia nanga Januari 1788. Mwaka uliofuata, 1789, ugonjwa wa ndui ulizuka na kuua sehemu kubwa ya wenyeji wa eneo hilo. Wahenga wa Waswahili walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Ardhi ilichukuliwa bila mkataba wala fidia, kwa kuwa watawala wa kikoloni waliihesabu kuwa ni mali ya Mfalme wa Uingereza. Mabaki ya koo hizi hayakutoweka, ila yalisukumwa pembezoni mwa koloni.

Jina la mtaa linatokana na William Redfern, daktari wa upasuaji aliyehukumiwa kwa kuhusishwa na uasi wa mabaharia wa Nore wa 1797. Adhabu yake ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo, akafikishwa Sydney mwaka 1801 na kusamehewa mwaka 1803. Kwa kuwa madaktari walikuwa adimu katika koloni, alipanda cheo, na mwaka 1817 Gavana Lachlan Macquarie alimpa ekari 100 za ardhi. Tukio hili linaonesha kanuni ambayo itajirudia katika historia yote ya mtaa: aliyekuwa na uwezo wa kutoa hati hakuwa mwenyeji wa ardhi, na aliyepokea hati alikuwa mgeni. Mtu aliyefika koloni akiwa mfungwa aliweza, ndani ya miaka kumi na sita, kuwa mmiliki halali wa ardhi ambayo Wagadigal hawakutambuliwa kuwa nayo hata kwa siku moja.

Baada ya Redfern kufariki mwaka 1833, ardhi yake iligawanywa viwanja na kuuzwa katika miaka ya 1840. Mwaka 1859 mtaa ulipata baraza lake la manispaa. Hadi kufikia mwisho wa karne hiyo, sehemu kubwa ilikuwa imejengwa nyumba za safu, yaani nyumba nyembamba za ghorofa moja au mbili zinazoshirikiana kuta, ambazo wawekezaji wadogo walizijenga ili wazipangishe kwa wafanyakazi.

3.0 Reli, Karakana na Tabaka la Wafanyakazi

Kilichoubadilisha mtaa huu kuliko kitu kingine chochote katika karne ya 19 ni reli. Njia ya kwanza ya reli ya New South Wales, kutoka Sydney hadi Parramatta, ilifunguliwa Septemba 1855, na kituo chake cha mwisho upande wa Sydney kilikuwa katika viwanja vilivyopakana na Redfern. Kituo kinachoitwa Redfern leo kilifunguliwa mwaka 1878 kwa jina la Eveleigh, kikapewa jina lake la sasa mwaka 1906, wakati kituo kikuu cha jiji kilipofunguliwa.

Kando ya njia hiyo serikali ya koloni ilijenga karakana za Eveleigh, zilizoanza kazi mwaka 1887. Huko vichwa vya treni vilitengenezwa na kukarabatiwa, na kuanzia 1908 viliundwa vipya. Karakana hizi ziliajiri maelfu ya wafanyakazi, na wengi wao waliishi umbali wa kutembea kwa miguu. Saa ya karakana ilikuwa saa ya mtaa. Mshahara wa karakana ndio uliolipa kodi za nyumba na madeni ya madukani, na ndio uliojaza baa siku ya malipo.

Kutokana na mazingira haya kulizaliwa siasa za kazi. James McGowen, fundi wa boila wa Eveleigh, alichaguliwa mwaka 1891 kuwa mbunge wa Redfern, na mwaka 1910 akawa waziri mkuu wa kwanza wa New South Wales kutoka Chama cha Labor. Tarehe 2 Agosti 1917 wafanyakazi wa Eveleigh, pamoja na wenzao wa karakana ya tramu ya Randwick, waligoma wakipinga kadi mpya za kupimia muda ambao kila mfanyakazi alitumia katika kila kazi. Waliziona kadi hizo kuwa chombo cha kuwaharakisha na kuwagawa. Mgomo ulienea hadi migodini na bandarini, ukahusisha makumi ya maelfu ya watu kabla ya kushindwa mwezi Septemba. Wengi walipoteza kazi au cheo, na uchungu wake ulikumbukwa kwa vizazi. Utambulisho huohuo wa kitabaka ulijidhihirisha pia michezoni: klabu ya raga ya South Sydney iliundwa katika ukumbi wa manispaa ya Redfern tarehe 17 Januari 1908, na hadi leo mashabiki wake wanajihesabu kuwa warithi wa mtaa wa wafanyakazi, hata wale ambao hawajawahi kuishi humo.

Sambamba na wafanyakazi wa reli, mtaa uliwapokea wahamiaji kutoka Lebanoni, waliokuwa wakiitwa Wasiria wakati huo. Kuanzia miaka ya 1880 walifungua maghala ya nguo na bidhaa ndogondogo, wakawakopesha ndugu na wenzao waliosafiri mashambani wakichuuza nyumba hadi nyumba. Mwaka 1895 Wakristo wa madhehebu ya Wamelkiti walijenga kanisa lao katika mtaa jirani wa Waterloo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walifuatia Wagiriki na wengineo.

Linalopaswa kusisitizwa ni kwamba wengi wa watu hawa walikuwa wapangaji. Walikuwa na uhai wa mtaa mikononi mwao lakini si hati zake. Ndiyo maana, serikali ilipoamua katikati ya karne ya 20 kwamba nyumba kuukuu za Redfern ni makazi duni yanayostahili kubomolewa, wakazi walikuwa na sauti ndogo. Safu nzima za nyumba ziliondolewa, na katika miaka ya 1960 na 1970 majengo marefu ya Tume ya Makazi yakasimama Redfern na Waterloo.

4.0 Waaborijini Kurejea Mjini

Waaborijini hawakuwa wageni Sydney, kama sehemu ya pili ilivyoonesha. Hata hivyo, idadi yao Redfern iliongezeka kwa kasi katika karne ya 20 kwa sababu mahususi. Kuanzia 1883 Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini ya New South Wales ilisimamia hifadhi na vituo ambako wenyeji asilia waliishi chini ya meneja. Bodi hiyo, na ile ya Ustawi iliyoirithi mwaka 1940 na kudumu hadi 1969, ilikuwa na mamlaka ya kuwaondoa watoto kwa wazazi wao. Wakati huohuo hifadhi nyingi zilifutwa na ardhi yake kukodishwa kwa wakulima wazungu. Kazi za mashambani nazo zilipungua kadiri mitambo ilivyoongezeka.

Redfern iliwavuta watu hawa kwa mambo matatu. Kwanza, treni kutoka bara zilipita hapo, hivyo mtaa ulikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za jiji kufikiwa na msafiri. Pili, karakana za Eveleigh na viwanda vya jirani vilihitaji vibarua, na Waaborijini walikuwa miongoni mwa walioajiriwa humo. Tatu, kodi za nyumba zilikuwa nafuu. Ndugu mmoja alipopata chumba, wengine walimfuata. Katika miaka ya 1940 kulikuwa tayari na timu ya raga ya Waaborijini, Redfern All Blacks, ambayo ilifanya kazi ya chama cha kusaidiana kama ilivyofanya kazi ya michezo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, Redfern ilikuwa mahali ambapo Wawiradjuri, Wagamilaraay, Wabundjalung na wengine, ambao ukoloni uliwatenganisha kwa hifadhi, waliishi barabara moja.

Kukutana huku ndiko kulikozalisha utambulisho mpya wa kisiasa, kwani madhila ya mmoja yalisikika kuwa ya wote. Kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliridhia kubadilisha vifungu vya katiba vilivyowabagua Waaborijini, ilileta matarajio makubwa. Mitaani, hata hivyo, mambo hayakubadilika. Polisi waliendelea kuwakamata Waaborijini usiku, hususani walipotoka katika Hoteli ya Empress iliyokuwa barabara ya Regent. Pengo kati ya ahadi ya katiba na karandinga la polisi ndilo lililochochea yaliyofuata.

5.0 Kuzaliwa kwa Taasisi, 1970–1973

Vijana wa Redfern, wakiwamo Paul Coe, Gary Williams na Gary Foley, walisoma maandishi ya Weusi wa Marekani na kufuatilia jinsi kundi la Black Panther la Oakland lilivyowachunguza polisi. Nao wakaanza kuandika mienendo ya polisi waliowakamata watu mtaani. Kumbukumbu hizo zilihitaji wanasheria ili ziwe na uzito mahakamani. Hivyo mwaka 1970, kwa ushirikiano na Hal Wootten, mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha New South Wales, ilianzishwa Huduma ya Sheria ya Waaborijini, ya kwanza ya aina yake Australia. Mshitakiwa ambaye jana alikiri kosa kwa kukosa mtetezi, leo alisimama na wakili.

Mwaka 1971 ikafuata Huduma ya Afya ya Waaborijini, ikiwa na madaktari wa kujitolea na bodi ya Waaborijini wenyewe. Miongoni mwa waliohusika walikuwamo Gordon Briscoe, Shirley Smith, aliyejulikana zaidi kama Mum Shirl, na daktari wa macho Fred Hollows. Uvumbuzi haukuwa katika tiba yenyewe, bali katika utawala wake: mgonjwa alikuwa pia mmiliki wa kliniki. Mfumo huo umeenea nchini kote, na leo zaidi ya mashirika 140 ya afya yanasimamiwa na jamii za Waaborijini na Watu wa Visiwa vya Torres Strait. Mwaka 1972 uliundwa pia Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza ya Weusi, na Januari mwaka huohuo vijana kutoka Redfern walikwenda Canberra na kusimika mbele ya bunge mwavuli uliokuja kuwa Ubalozi wa Hema.

Taasisi hizi zilizaliwa katika muda wa miaka michache na ndani ya barabara chache. Haikuwa sadfa. Msongamano uleule ambao maofisa waliuita tatizo la makazi duni ndio uliowawezesha watu kukutana, kupashana habari na kuitana kwa dharura. Kama familia hizo zingetawanywa katika vitongoji vya mbali, kama baadhi ya wapangaji wa jiji walivyotaka, ni vigumu kuona taasisi hizo zingepata wapi wanachama wake wa kwanza.

6.0 The Block: Ardhi Yenye Hati

Katika miaka ileile wawekezaji walianza kununua nyumba kuukuu za Redfern, kuwaondoa wapangaji na kuzikarabati kwa ajili ya wanunuzi wenye kipato. Mwishoni mwa 1972 kundi la Waaborijini wasio na makazi lilikalia nyumba tupu za barabara ya Louis bila kibali. Polisi waliwakamata. Padri Ted Kennedy na wenzake wa Kanisa Katoliki la Mtakatifu Vincent waliwapa hifadhi kanisani, na baraza la mtaa likajaribu kuwaondoa huko pia. Chama cha Vibarua wa Ujenzi kikatangaza kwamba wanachama wake hawatafanya kazi katika mradi wa mwekezaji, na bila vibarua mradi ulikwama.

Katika mazungumzo yaliyofuata, Bob Bellear, wakati huo mwanafunzi wa sheria na baadaye, mwaka 1996, Mwaborijini wa kwanza kuwa jaji Australia, alipendekeza nyumba hizo zinunuliwe na jamii. Kampuni ya Makazi ya Waaborijini iliundwa, na mwaka 1973 serikali mpya ya Gough Whitlam ilitoa dola 530,000 za kuanzia ununuzi. Katika miaka iliyofuata kampuni iliendelea kununua nyumba moja baada ya nyingine katika eneo linalozungukwa na barabara za Eveleigh, Vine, Louis na Caroline. Eneo hilo ndilo lililokuja kuitwa The Block.

Uzito wa kihistoria wa ununuzi huu unaonekana ukiwekwa katika wakati wake. Sheria ya Haki za Ardhi za Waaborijini ya New South Wales ilikuja mwaka 1983, na hukumu ya Mabo, iliyofuta dhana kwamba Australia haikuwa na mwenyewe, ilitolewa tarehe 3 Juni 1992. Waaborijini wa Redfern walipata hati katikati ya jiji kubwa kuliko yote nchini miaka kumi kabla ya sheria na takribani miaka ishirini kabla ya hukumu. Waliipata kwa kununua. Kwa maneno mengine, walilazimika kununua sokoni kile ambacho mababu wa wenyeji hawakuwahi kukiuza.

Hata hivyo, kasoro ilikuwamo tangu mwanzo. Ruzuku ilinunua majengo yaliyokuwa na umri wa miongo mingi, yenye kuta zilizokwisha kuliwa na unyevu. Fedha za kuyatunza zilitegemewa kutoka kwa kodi, na kodi zilitegemea ajira za wapangaji. Ajira hizo ndizo zilizotoweka. Viwanda vya Redfern na Waterloo vilifungwa au kuhamia pembezoni mwa jiji, na mwishoni mwa miaka ya 1980 karakana za Eveleigh zenyewe zilifunga milango. Hivyo jamii ilipata nyumba katika kipindi kilekile ambacho sababu ya kiuchumi ya kuishi hapo ilikuwa inakufa. Heroini ilipoenea katika miaka ya 1990, iliikuta barabara ya Eveleigh ikiwa na nyumba chakavu, watu wasio na kazi na kituo cha treni hatua chache kutoka hapo.

Ni katika hali hii ya mkanganyiko ambapo Redfern iliendelea kuwa jukwaa la taifa. Tarehe 26 Januari 1988, Australia iliposherehekea miaka 200 ya ukoloni, maandamano makubwa ya Waaborijini na waliowaunga mkono yalianzia Redfern, huku Redio Redfern ikiwa sauti yake. Tarehe 10 Desemba 1992 Waziri Mkuu Paul Keating alihutubia katika Bustani ya Redfern na kukiri hadharani kwamba walowezi ndio walioichukua ardhi, walioleta maradhi na waliowatenga watoto na mama zao. Hapakuwa na waziri mkuu aliyewahi kusema hivyo kwa uwazi huo. Lakini mwendo mfupi kutoka jukwaani, nyumba za The Block ziliendelea kuanguka.

7.0 Kuondoka, Machafuko na Mpango Mpya

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Kampuni ya Makazi ilibomoa nyumba zilizoharibika na kuwahamisha wapangaji, ikikusudia kujenga upya. Tarehe 14 Februari 2004 kijana Mwaborijini wa miaka 17 aliumia vibaya Waterloo baada ya kuanguka kutoka kwenye baiskeli juu ya uzio, akafariki kesho yake. Familia yake iliamini kwamba polisi walikuwa wakimfukuza. Polisi walikanusha, na uchunguzi wa mahakama haukuwatia hatiani, jambo ambalo familia haikulikubali. Usiku wa tarehe 15 mapambano kati ya wakazi na polisi yalidumu kwa saa kadhaa kandokando ya kituo cha treni.

Mwaka huohuo bunge la New South Wales lilitunga sheria ya kuunda Mamlaka ya Redfern-Waterloo, iliyopewa nguvu kubwa za kupanga na kuuza ardhi ya umma. Kwa watetezi wake, hii ilikuwa njia ya kuleta ajira. Kwa wakosoaji, ilikuwa njia ya kutumia usiku mmoja wa fujo kuhalalisha kazi ambayo bei ya ardhi ilikwisha kuianza.

Mpango wa kampuni yenyewe uliitwa Pemulwuy, kwa jina la shujaa Mbidjigal aliyeongoza upinzani dhidi ya walowezi na kuuawa mwaka 1802. Ulijumuisha nyumba 62 za gharama nafuu kwa ajili ya Waaborijini na Watu wa Visiwa vya Torres Strait, pamoja na biashara na jengo refu la malazi ya wanafunzi. Mei 2014 mwanaharakati Jenny Munro na wenzake waliweka mahema katika kiwanja kitupu, wakidai nyumba zijengwe kabla ya biashara. Walikaa humo zaidi ya mwaka mmoja, hadi Agosti 2015, serikali ya shirikisho ilipoahidi dola milioni 5 kuwezesha nyumba hizo kutangulia. Ni muhimu kutambua kwamba mgogoro huu haukuwa kati ya Waaborijini na mwekezaji wa nje kama ule wa 1972. Ulikuwa kati ya Waaborijini waliokuwa na hati na Waaborijini waliodai kwamba hati hiyo ilishikwa kwa niaba yao.

8.0 Mjadala: Hati Inalinda Nini?

Historia ya Redfern inatoa fursa adimu ya kulinganisha aina nne za umiliki ndani ya mtaa mmoja. Aina ya kwanza ni nyumba za safu za watu binafsi. Wapangaji wake waliondoka kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, kila kodi ilipopanda, na leo nyumba zilezile zilizojengwa kwa ajili ya mafundi wa reli zinanunuliwa na watu wenye kipato cha juu. Aina ya pili ni ardhi ya umma ya Eveleigh. Sehemu yake imekuwa kituo cha sanaa cha Carriageworks tangu 2007, na sehemu nyingine, iliyokuwa bustani ya teknolojia kuanzia 1996, iliuzwa mwaka 2015. Mitambo ya zamani imehifadhiwa, ila waliyoiendesha hawaishi tena jirani. Aina ya tatu ni majengo ya Tume ya Makazi, ambayo yamewaweka watu maskini mtaani kwa muda mrefu kuliko soko lilivyoweza, lakini hatima yao inategemea uamuzi wa mwenye mali, yaani serikali.

Aina ya nne ni The Block. Baadhi ya wakosoaji wanaona kwamba imeshindwa sawa na nyingine, kwa kuwa wakazi wake wa awali waliondoka na mnara wa wanafunzi umesimama mahali palipokuwa pa familia. Hoja hii ina uzito na haipaswi kupuuzwa: mama aliyehamishwa akiahidiwa kurudi, kisha akangoja zaidi ya miaka kumi, hafarijiwi na habari kwamba ardhi bado ni ya kampuni. Hata hivyo, tofauti moja inabaki. Katika aina tatu za kwanza, Waaborijini wa Redfern hawakuwa na mahali pa kudai. Katika aina ya nne, waliweka hema na madai yao yakabadilisha mpango, kwa sababu mwenye ardhi aliwajibika kwao kimaadili na alijua hivyo. Hati haikuwazuia watu kuondoka, lakini ilihifadhi uwezekano wa wao kurudi.

Kwa msingi huo, tunaweza kutofautisha hati ya ardhi na haki ya kukaa. Hati hujibu swali la nani anaweza kuuza. Haki ya kukaa huhitaji zaidi ya hapo: ajira au kipato cha kulipia nyumba, fedha za matengenezo, na utawala unaowasikiliza wakazi wakati uamuzi mkubwa unapofanywa. Ruzuku ya 1973 ilitoa la kwanza bila kuandaa mengine.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba haiba ya Redfern ni zao la watu waliokuja kufanya kazi na kutafutana, na ambao kwa sehemu kubwa waliishi juu ya ardhi ya wengine. Karakana zilijenga mshikamano wa kitabaka; kufutwa kwa hifadhi za vijijini kulileta familia za Waaborijini; na msongamano wa barabara chache ukazaa taasisi ambazo zimeienea nchi nzima. Taasisi hizo zimedumu kuliko nyumba. Huduma ya Afya bado inafanya kazi Redfern, na wengi wa wanaoitumia husafiri kutoka mitaa ya mbali ambako kodi iliwasukuma. Mtaa umebaki kuwa kwao hata kwa wasioweza tena kulala humo.

Hali hiyo ni ushahidi wa nguvu ya Redfern na wakati huohuo ni kipimo cha hasara yake. Watafiti wa miji wanaochunguza umiliki wa pamoja wa ardhi kama kinga dhidi ya kuhamishwa kwa maskini watafaidika kwa kuitazama The Block bila kuisifu wala kuibeza kupita kiasi. Uamuzi wa 1973 ulikuwa sahihi, ila ulikuwa nusu ya kazi. Uchunguzi zaidi unahitajika kuhusu nusu iliyobaki, yaani kipato, matengenezo na utawala, kwa kuwa humo ndimo ilimokuwamo tofauti kati ya jamii yenye ardhi na jamii inayoishi juu ya ardhi yake.